Barua kwa mwanangu: ufunguo usiojulikana mlango wake

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku Moshi hatujambo. Vuli imechelewa, lakini migomba bado imesimama vizuri, na kifua cha baba yako kimetulia tangu aanze zile dawa ulizotuma.

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi nikiwa na miwani. Unasema unataka kuandika riwaya uipeleke kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ulianza habari za mpelelezi wa Chicago, ukaifuta. Ukaanza ya msichana maskini aliyependwa na mtoto wa tajiri, nayo ukaifuta, kwa sababu unaona kila kisa kimeshaandikwa na wenzako. Sasa unaniuliza: "Mama, wewe hadithi zako zilikuwa zinachapishwa magazetini. Mawazo mapya ulikuwa unayatoa wapi?"

Swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani, ila halijibiki kwa simu. Nimeazima kalamu ya baba yako, nimekaa mezani.

Nilikuwa nayatoa kazini, mwanangu. Kwenye mafaili ya mahakama, hasa mahali ambapo faili lilinyamaza.

Unajua nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na kazi iliyojaa meza yangu ilikuwa mirathi. Mtu akiomba kusimamia mirathi huja na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za ndugu, halafu mali za marehemu zinaorodheshwa. Orodha hizo nilizinakili kwa mkono kabla hatujapata kompyuta. Nyingi zinafanana: kihamba, yaani shamba la ukoo, nyumba, ng'ombe, kitanda, redio. Siku moja nikafika mwisho wa orodha ya mzee mmoja, chini ya cherehani na viti vinne, nikakuta mstari huu: "Ufunguo mmoja, haujulikani ni wa mlango gani."

Hakimu aliuliza. Kifungua mimba wa marehemu akasimama, kofia mkononi, akajibu, "Alikuwa anaulalia chini ya mto, mheshimiwa. Tukaona tusiuache." Hakimu akaandika, akaita shauri linalofuata. Wale ndugu wakatoka nje na mwavuli wao mmoja. Habari ikaishia hapo.

Kwangu ndipo ilipoanzia. Nilirudi nyumbani nikiwaza ule ufunguo, nikapika ugali ukaungua chini, bado nauwaza. Nakueleza nilivyoufanyia kazi, maana hapo ndipo lilipo jibu lako.

Jibu la kwanza lililonijia ni kwamba mzee alikuwa na mwanamke wa pembeni, amempangia chumba Arusha, kule Unga Limited. Nikaandika nusu ukurasa nikaacha. Ukimuuliza kondakta yeyote wa basi la Moshi kwenda Arusha kuhusu ufunguo huo, atakupa jibu hilohilo kabla basi halijafika Boma Ng'ombe. Jibu la kwanza linamjia kila mtu, kwa hiyo si lako. La pili lilikuwa sanduku la fedha lililozikwa shambani. Hilo nalo kila mtu analo. Watu wengi wanaolalamika kwamba hawana mawazo mapya huwa wamesimama kwenye jibu la kwanza au la pili, wakaona linanuka ukale, wakadhani kisima kimekauka. Kumbe walikuwa hawajaanza kuchimba.

Basi nikaacha kuuliza habari za ufunguo, nikauliza habari za miaka. Mtu wa umri ule alikuwa kijana anayejenga maisha lini? Nikahesabu, nikaangukia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wewe hukuwepo. Vita ya Uganda ya 1978 hadi 1979 ilikuwa imekwisha na nchi imechoka. Dukani hamna sabuni, hamna sukari, hamna misumari. Ukisikia duka la ushirika limeletewa kitu, unapanga foleni kwanza, unauliza baadaye kimeletwa nini. Mtu alinunua kilichopo, akakiweka mpaka siku atakapokihitaji. Kisha 1983 ikaja operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi na walanguzi. Aliyekuwa na vitu vingi ndani aliogopa. Kuna watu walivitupa vichakani na mitoni usiku, vitu walivyovitolea jasho.

Hapo mlango ukafunguka. Mtu wangu alikuta vitasa vinauzwa, akanunua kadhaa kwa nyumba ambayo hata msingi haijachimbiwa. Operesheni ilipopamba moto, akavibeba kwenye kikapu akaenda kuvitupa Mto Karanga. Akarudi na ufunguo mmoja, uliobaki mfukoni. Nyumba haikujengwa kamwe. Aliyejua habari hizo ni binti yake mmoja tu, kwa sababu alikuwa ameahidiwa chumba chake mwenyewe, chenye kitasa. Na yule binti, siku ukoo unakaa kikao, ndiye asiyepewa nafasi ya kusema.

Hadithi hiyo ilichapishwa, na kuna msomaji aliyeandika barua akidai ni habari ya baba yake. Wala sikuwa namjua. Hadithi ikichukuliwa mahali halisi, watu hujiona ndani yake hata kama hukuwawazia.

Ukitazama vizuri, hakuna kitu kigeni mle. Ufunguo, foleni, mto, binti. Foleni zile tulizipanga wote, na mto kila mtu anauvuka kwenye daraja. Ninachoweza kuita changu ni swali, na ule ukaidi wa kutoridhika na jibu la haraka. Kwa hiyo usikae ukitafuta wazo. Tafuta pengo: jambo lililotokea kweli, ambalo taarifa zake zinaishia njiani, na wewe mwenyewe unaona huwezi kulala bila kujua kilichobaki. Pengo ambalo halikusumbui liache hata kama ni zuri, mwingine atalichukua.

Kuhusu hofu yako kwamba yote yameshaandikwa. Ni kweli, yameandikwa, na hilo halijawahi kumzuia mwandishi. Unaikumbuka Juliasi Kaizari, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere alitutafsiria na kitabu kikatoka 1963? Shakespeare hakukibuni kile kisa. Alikitoa kwa Plutarch, Mgiriki wa kale, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka 1579. Plutarch anasema kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, akiwa nyumbani usiku, alikuwa hapati usingizi, na mkewe akatambua kuna jambo zito. Basi, anaendelea na mambo mengine. Shakespeare akauingia usiku huo, akamweka Brutus bustanini peke yake, akatusikilizisha mtu mwema akijishawishi kumuua rafiki yake. Kisa ni cha Plutarch, lakini usiku ule ni wa Shakespeare.

Na hapa kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, kila aliyesoma hadithi za Kiingereza alimwona Sherlock Holmes nyuma yake. Riwaya ya kwanza ilitoka 1960. Lakini Bwana Msa anatembea kwenye mashamba ya Unguja, anakutana na watu wanaoogopa mizimu, na siri anazofukua ni za nasaba na urithi za pale pale. Hakuna Mwingereza ambaye angeweza kuiandika. Kwa hiyo mpelelezi wako wa Chicago sina ugomvi naye kwa sababu ni mpelelezi. Nina wasiwasi kwamba wewe na mimi hatujui anakunywa nini asubuhi, wala jirani yake anamwitaje. Ukikosa hayo utayajaza kwa kumbukumbu za sinema, na hapo ndipo unapohisi unanakili. Unahisi sawasawa.

Sasa mapengo yako wapi? Nakupa machache ninayoyafahamu, uyatumie ukipenda.

La kwanza ni la bibi yako. Alikuwa anakusimulia habari za Murile, ile hadithi ya Wachaga ambayo wamisionari wa Kijerumani walishaiandika zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ulikuwa mdogo, huenda umesahau. Murile anachimba magimbi na mama yake, anaona gimbi moja limefanana na mdogo wake. Analificha kwenye pango la mti, linageuka mtoto mchanga, na kila siku anampelekea chakula chake mwenyewe mpaka anakonda. Ndugu zake wanamfuatilia, wanamwambia mama, mama anakwenda anamuua yule mtoto. Murile analia. Wakimuuliza, anasema ni moshi wa jikoni. Wanamwambia basi kakae nje. Anachukua kigoda cha baba yake, anakiambia kipande juu, kinampeleka mpaka mbinguni, kwenye nchi ya Mwezi. Kule watu wanakula vyakula vibichi. Anawafundisha moto, wanamlipa ng'ombe, anakuwa tajiri, anataka kurudi nyumbani. Njiani anachoka, fahali anamwambia nitakubeba, lakini uahidi hutakula nyama yangu. Anaahidi. Anafika nyumbani, anawakataza wazazi wasimchinje. Fahali anazeeka, wanamchinja. Mama anahifadhi mafuta yake, siku moja anayatia kwenye chakula cha Murile. Murile anaonja, anaanza kuzama ardhini, anazama mpaka anatoweka.

Bibi yako alikuwa anamalizia hapo, anatuambia twende kulala. Mimi nilikuwa silali. Mama yule alijua? Alisikia habari ya ahadi, alikatazwa mbele ya watu, na bado akatia mafuta. Alisahau? Hakuamini? Au ni yule yule mama aliyemuua mtoto wa gimbi, asiyevumilia kitu chochote ambacho mwanawe anakipenda nje ya mikono yake? Au, na hili limekuja nikiwa mzazi mwenyewe, alimwona mwanawe amerudi tajiri lakini mwembamba, akataka tu ale chakula chenye mafuta? Hadithi haisemi. Majibu hayo manne ni riwaya nne, na hakuna inayohitaji kigoda kinachopaa. Unaweza kumweka mama huyo hapa Pasua, na kijana karudi kutoka Muscat au Dubai na sharti lake moja ambalo kwa mama halina maana.

Pengo jingine liko barabarani kwenda Arusha. Ukishuka Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kuanzia 1942, waliletwa pale wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kupelekwa Siberia, wakatoka huko kupitia Iran. Watu wa kwenye theluji, wakajikuta chini ya Mlima Meru, kwenye migomba. Hayo yameandikwa. Kisichosimuliwa ni yule mama wa Kimeru aliyekuja na mkungu wa ndizi kuwauzia. Walielewana kwa lugha gani siku ya kwanza? Alirudi nyumbani akasema amewaona watu wa namna gani, Wazungu wanaofua wenyewe, Wazungu wanaolia? Yeye aliyezoea Mzungu anayeamrisha? Nikiwa na macho ya zamani ningeiandika hii mwenyewe.

Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro usiwasahau. Pale getini Machame mizigo inapimwa kwenye mizani, mtu mmoja asibebe zaidi ya kilo 20. Kijana anasimama pembeni akitazama mshale wa mizani kuliko anavyoutazama mlima. Sitasema zaidi, nenda kasimame pale asubuhi moja ukija Desemba.

Na uwe na daftari. Nasema daftari, kwa sababu kwenye simu utaandika kisha utafungua kitu kingine. Usijaze humo maelezo marefu ya machweo. Andika watu wanavyosema, kwa maneno yao hayohayo, siku hiyohiyo, kabla akili yako haijayanyoosha. Juzi kwenye matanga huko Uru nilikaa na mjane mmoja jikoni, anamenya ndizi za mtori huku simu yake inaita kila mara na yeye haipokei. Akaniambia, "Nimemzika, lakini deni lake bado linanipigia." Ningekaa mwezi mzima mezani nisingeipata sentensi hiyo. Siku utakayokosa sentensi, andika swali. Maswali ya daftarini ukiyaacha wiki kadhaa, mengine yanakufa yenyewe, na mengine yanaoana: ufunguo wa huyu na deni la yule vinakuwa vya mtu mmoja. Mara nyingi hadithi inaanza kutembea pale mambo mawili yasiyojuana yanapokutana.

Jambo moja nakusisitizia kama mama na kama karani niliyeapa. Habari za watu si zako. Yule mzee wa ufunguo nilimgeuza fundi seremala wa Rau, nikambadilishia watoto na ukoo, nikasubiri muda mrefu kabla sijapeleka gazetini. Kama mwenye habari akisoma atajitambua na itamuumiza, iache au ichanganye na nyingine mpaka isiwe yake tena. Mara nyingi kuibadilisha ndiko kunakokufanya uibuni kwa kweli. Aibu ya mtu haifai kuwa mtaji wako wa tuzo.

Nawe kazini kwako ni duka la dawa. Nimelifikiria hilo tangu niliposoma ujumbe. Unakaa mahali ambapo watu wanakuja na siri zao zimeandikwa kwenye karatasi, wengine wananunua nusu dozi kwa sababu hela haitoshi, wengine wanasema dawa ni ya rafiki. Halafu unaniambia huna cha kuandika! Mwezi wa nane ulinisimulia kwenye simu, kwa haraka, habari ya mzee anayekuja kila mwisho wa mwezi, amevaa koti, anauliza bei ya dawa ileile, unamtajia, anashukuru, anaondoka bila kununua. Ukaniambia, "Sijui anataka nini," ukageuza mazungumzo, ukaniuliza kuhusu parachichi. Mimi parachichi sizikumbuki tena. Yule mzee ninaye mpaka leo.

Anaulizia nani? Mgonjwa yupo hai? Kwa nini mwisho wa mwezi, na kwa nini koti, kwenye joto la Dar es Salaam? Bei ikipanda anafanya uso gani? Usiende kumuuliza, maana akikujibu utakuwa na taarifa na si hadithi, na tena ni mteja wako. Kaa chini uandike majibu matatu, uyakate yote, kisha uandike la nne. Mzee mwenyewe mbadilishe: mfanye mwanamke, mhamishie Moshi, dawa iwe kitu kingine. Lakini lile jambo la kuuliza bei na kushukuru, hilo lishike, usiliache.

Ukipata kurasa kumi za mwanzo, usizifute hata zikikuchukiza. Zichape kwa herufi kubwa kidogo, mpe binamu yako anapopanda basi kuja huku, maana kwenye simu macho yangu hayawezi. Nitazisoma kwa kalamu nyekundu kama nilivyokuwa nafanya na insha zako, na baba yako ameshasema anataka kusoma baada yangu. Parachichi nitamkabidhi arudi nazo.

Mama yako,
Pasua, Moshi